Sangala mukubwa havuliwi kwa nguvu

Kwenye mukono wangu wa kushoto kuko alama mbili za vidonda. Ile fupi niliipata kazini, siku jiwe liliruka kutoka kwenye bande na kunipiga. Ile ndefu inazunguka vidole vitatu, na kila delege mupya ananiuliza: "Mukubwa, hii nayo ni aksida ya kazi?" Ninamujibu hapana. Hii ni sangala wa Kalemie.

Wengi kati yetu watu wa mine, konje ikifika, tunapanda kwenda kwa wazazi au kwa wakwe. Wale wenye familia kando ya Tanganyika wanarudi na hadithi za samaki wakubwa, na wenzao wanataka kujaribu. Mwaka huu kamarade watatu wameniuliza namna ya kumukamata sangala mukubwa, yule ambaye ukimubeba begani mukia wake unagusa chini. Basi ninaandika hapa yote niliyofundishwa na shemeji yangu, muvuvi wa Kalemie, na yale niliyojifunza kwa kuumia. Kwa kifupi ni hivi: sangala mukubwa unamupata kwa matayarisho. Nguvu ya mikono inakuja nyuma kabisa.

Tujue kwanza ni samaki gani

Katika Tanganyika kuko ndugu wane wa familia moja. Mudogo ni mukeke, wengine wanamuita mikebuka, yule tunayemuona kila siku kwenye soko. Wa pili ni nonzi, muwindaji wa maji ya juu, anafukuza makundi ya ndakala. Wawili waliobaki watu wanawaita kwa jina moja tu, sangala. Wote wane hawapatikani katika ziwa lingine lolote duniani.

Kati ya wale wawili, mumoja njo mukubwa kweli. Vitabu vya wataalamu vinaandika kwamba anaweza kufika metre 2 na kilo 100. Sijamuona wa namna hiyo, na shemeji naye hajamuona. Leo ukitoa ziwani mwenye kilo 15, watu wataacha mizigo yao pwani waje kuangalia.

Mwaka wangu wa kwanza: haraka

Mara ya kwanza nilifika na kiburi. Mimi mutu wa kutoboa mawe, nimezoea mashini nzito kutetemeka mikononi saa nzima. Nikajisemea: samaki atanifanya nini? Tulitoka usiku, shemeji akashusha uzi, akanipa. Ulikuwa unateleza, basi nikauzungusha mara tatu kwenye vidole ili nishike vizuri. Shemeji alikuwa anapiga kasia kwa nyuma, hakuona.

Karibu na mapambazuko ule uzi ulivutwa mara moja tu. Uzi wa nilo ukiwa na samaki mukubwa upande mwingine ni kisu. Uliingia mpaka kwenye mufupa. Shemeji aliukata, samaki akaenda na ndoano yake, na mimi nikapelekwa lopitali kushonwa.

Lakini maumivu makubwa yalikuja nyuma. Konje iliisha, vidole bado havijikunji. Nilirudi kazini nimechelewa wiki tatu. Mimi niliyekuwa ninawaeleza wenzangu haki zao, nikajikuta sina haki ya kudai: CNSS inalipa aksida ya kazi na ile ya njiani ya kwenda na kutoka kazini. Kidole ulichokiumiza ziwani wakati wa konje hakiwahusu. Salari ya mwezi ule ilipungua karibu nusu, na minervale ya binti yangu tuliilipa kwa deni. Mama watoto hakusema neno. Alikuwa anautazama tu ule mukono kila nilipokaa mezani.

Njo maana, mashauri yote yanayofuata, yasome na picha hiyo kichwani.

Mahali anapokaa

Watoto wa sangala wanakaa karibu na pwani, ndani ya majani ya majini, wanajificha humo. Wakikua wanashuka. Sangala mukubwa anapenda chini, kwenye mawe, mahali ambapo ukingo unashuka gafula. Anakaa kando ya jiwe sawa mulinzi kwenye barrière, anangojea samaki wadogo wapite. Njo maana upande wa kusini, kuelekea Moba, mahali milima inaingia moja kwa moja ziwani, wavuvi wanapapenda.

Kama huna mashini ya kupima chini ya maji, risasi yako njo mashini. Ishushe mpaka iguse. Kama inagonga kavu, "kó, kó", na mukono unasikia, uko juu ya mawe. Kama inatua laini na ukiivuta inakuwa nzito kidogo, ni matope. Sogea. Shemeji anaweza kugonga hivyo mara kumi na tano kabla ya kushusha ndoano. Mwaka wa kwanza niliona anapoteza wakati. Kumbe anafanya kazi sawa mujeolojia wetu: anatafuta kwanza, kuchimba ni nyuma.

Usishuke mbali sana bila sababu. Tanganyika ina zaidi ya metre 1,400 za kina, lakini maji ya chini kabisa hayana hewa, hakuna samaki anayeishi kule. Sisi tunatafuta kati ya metre 20 na 60, na wangu nilimupata kwenye karibu metre 40.

Vyombo

Uzi: nilo ya milimita 1, metre 100, umezungushwa kwenye kipande cha ubao. Metre mbili za mwisho ziwe nene zaidi, kwa sababu sangala ana vifuniko vya mashavu vyenye makali sawa wembe, na mawe nayo yanasugua.

Ndoano: kubwa, nene, isiyo na kutu. Jaribu ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, haifai, ichukulie lime uinoe. Ikikwama pale pale, iko tayari. Zile ndoano zilizopinda kuelekea ndani, sawa duara, ni nzuri zaidi: samaki hazimezi mpaka tumboni, zinamushika kwenye pembe ya kinywa.

Risasi: bulo la zamani la gramu 200 au 300 linatosha. Lakini lifunge kwa uzi mudogo, dhaifu kuliko ule mukubwa. Likikwama katikati ya mawe, vuta: uzi dhaifu unakatika, unapoteza bulo peke yake, samaki na ndoano vinabaki vyako.

Fundo: hapa njo nilipoteza samaki wangu wa mwaka wa pili. Nilikuwa na ganti, nilikuwa na uvumilivu, samaki alishika vizuri, nikamuvuta mpaka nikaona weupe wa tumbo lake ndani ya maji. Kisha uzi ukawa mwepesi. Nilipoutoa, mwisho wake ulikuwa umejikunjakunja sawa mukia wa nguruwe. Hiyo ni alama ya fundo lililofunguka. Shemeji aliutazama akasema: "Shemeji, samaki hajakushinda. Weye mwenyewe umemufungulia mulango."

Tangu siku ile ninafunga hivi: ninazungusha uzi mara sita, ninaulowesha kwa mate kabla ya kukaza, ninakaza polepole. Nilo ikikazwa kavu inaungua na kupoteza nguvu. Kisha ninaifunga ndoano kwenye muti na kuvuta kwa mwili wote. Kama fundo litafunguka, lifunguke pwani.

Chambo kiwe hai

Sangala mukubwa ni mwenye kuchagua. Kipande cha nyama ya samaki kitakuletea wadogo na kambale. Yeye anataka kitu kinachotembea. Chambo kizuri ni mukeke hai, wa urefu wa kiganja hadi kiganja na nusu.

Wapi kumupata? Usiku wavuvi wa taa wako ziwani. Taa zao zinakusanya ndakala, mukeke wanafuata ndakala, na wale wakubwa wanafuata mukeke chini yao. Karibu na mapambazuko sogea polepole kwenye ekipi moja, salimia, ununue mukeke wachache wakiwa hai. Waweke ndani ya bidoni iliyokatwa juu, na ubadilishe maji kila mara. Usiwashike kwa mikono mikavu. Zile usiku za mwezi mukubwa, taa hazivuti samaki, wavuvi wengi wanabaki pwani. Basi chambo kinakuwa shida. Angalia mwezi kabla ya kupanga safari.

Pitisha ndoano kwenye mugongo wa mukeke, nyuma kidogo ya lile pezi la juu, bila kugusa mufupa. Shusha polepole mpaka risasi iguse chini, kisha pandisha pima mbili. Baki hapo. Na nyamaza. Kugonga kasia kwenye mutumbwi, kuangusha sufuria, kutembea na viatu vizito, yote hiyo inasikika chini.

Anaposhika

Hapa njo wengi wanaharibu. Sangala mukubwa mara nyingi anaanza kwa kumupiga mukeke. Utasikia mukeke anatetemeka kwa woga, kisha kitu kigumu kinagonga, kisha kimya. Usivute! Anamugeuza kinywani ili ameze kuanzia kichwa. Mwachie uzi kidogo. Uzi ukianza kutembea kwa uzito, bila kuruka, hesabu polepole mpaka tano, kisha kaza mukono mpaka usikie kichwa chake kinatikisika. Kwa ndoano ya duara usipige kwa nguvu hata kidogo. Kaza tu, itajishika yenyewe.

Mbio ya kwanza njo ya hatari. Anataka kurudi ndani ya mawe. Ukimukatalia kabisa, uzi unakatika au vidole vinakatika. Ukimwachia kabisa, anaingia kwenye mapango na hutamuona tena. Muache uzi upite kwenye ganti huku unabana, sawa mutu anayeshusha muzigo kwa kamba. Mwenzako apige kasia kuvuta mutumbwi mbali na mawe. Akisimama, weye njo unavuta. Akikimbia, unabana tu. Wangu alikimbia mara tano, na kazi ilichukua zaidi ya nusu saa. Mwishoni mikono yangu ilikuwa inatetemeka kuliko siku ya kutoboa.

Akifika kando ya mutumbwi, usisimame. Usiingize vidole ndani ya mashavu yake, yale makali yatakukata hata kupitia ganti nyembamba. Mumoja amushike kwa ndoano kubwa yenye mupini chini ya taya, mwingine akae upande wa pili kusawazisha uzito, na aingie kichwa kwanza.

Mambo ya usalama, na hapa ninasema kama delege

Chini ya mine hatuingii bila kofia, bila viatu, bila mutu wa juu kujua tuko wapi. Tukifika ziwani tunasahau yote. Juu gani? Maji nayo yanaua.

Ganti za ngozi ni lazima. Nunua zako, usitoe za maghala ya kazi, nisije kukutetea kwenye baraza la nidhamu kwa sababu ya samaki. Usizungushe uzi kwenye mukono, kwenye kiuno, wala kwenye mguu. Uzi unaoutoa uweke ndani ya beseni, usiuache kwenye miguu. Kisu kikali kiwe mahali mukono unafika bila kutafuta, cha kukata uzi siku mambo yakiharibika.

Kila mutu avae jile ya kuokoa. Kama hakuna, angalau bidoni ya litre 20, imefungwa vizuri, tupu, imefungiwa kamba kila mumoja karibu yake. Mwambie mutu wa pwani saa mutakayorudi. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unaweza kuinua mawimbi kuliko nyumba. Wakati wa mvua, dhoruba inafika na radi bila kubisha hodi. Wenyeji wakisema leo hatutoki, hamutoki. Siku moja ya mwaka wangu wa tatu tulibaki pwani na chambo kizuri kwenye bidoni, nikanungunika asubuhi nzima. Saa sita ziwa lilikuwa jeupe kwa mapovu. Nikanyamaza.

Watoto wa sangala

Shemeji anasema baba yake alikuwa analeta wakubwa nyumbani mara kwa mara, na hakuna aliyeshangaa. Tangu miaka ya 1950, nyavu kubwa za kuzungushia zilipoingia ziwani, sangala na nonzi walipungua sana. Mu 2006, shirika la kimataifa la kulinda viumbe, IUCN, liliandika yule sangala mukubwa na nonzi kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari ya kuisha. Na sisi wenyewe tunaendelea kumaliza: musketeri zinazokokotwa pwani zinapita ndani ya yale majani, zinatoa sangala wa urefu wa kidole, beseni nzima. Wale wanakaangwa na kumalizika kwa siku moja. Kuhusu baruti sitasema mingi. Sisi tunajua kazi yake kuliko watu wote. Anayeitupa majini anaua kila kitu, mayai na watoto, na wengi wanazama chini bila kufaidisha mutu. Ni kosa mbele ya sheria, na kwa mutu wa mine ni haya.

Kwa hiyo mimi na shemeji tuna kanuni yetu. Mudogo aliyeshikwa kwenye maji ya juu anarudishwa, kwa mikono iliyoloweshwa. Lakini sangala aliyetolewa metre 40 chini anafika na tumbo limevimba kwa hewa. Ukimurudisha, mara nyingi anaelea na kufa. Basi hatuwezi kuvua kumi tuchague mumoja. Tukipata mumoja mukubwa, tunakunja uzi, tunarudi. Mumoja anatosha.

Tena, kabla ya kulipa tikiti, uliza servisi ya uvuvi kule unakoenda kama ziwa liko wazi. Nchi nne za ziwa, Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, zimeingia katika mupango wa kupumzisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka. Mu 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane. Wengi wetu tunapata konje katika miezi ile ile. Omba tarehe zako mapema.

Siku aliyofika

Wangu alikuwa na kilo 19 kwenye baskile ya mama mumoja muuza unga. Kichwa tulimupa mwenye mutumbwi, njo desturi. Kipande cha mukia kilienda kwa wale wavuvi wa taa waliotuuzia chambo. Usiku ule tulikula na bukari na lenga-lenga, nyumba mbili pamoja, mafuta yakapita mpaka kwenye viwiko. Iliyobaki tuliikata vipande, tukatia chumvi, tukaikausha juu ya moshi siku mbili. Ilifika nyumbani bila kuharibika, na binti yangu, yule wa minervale ya deni, njo alifungua kitunga.

Alikula, kisha akachukua mukono wangu wa kushoto akaugeuza huku na huku, akihesabu kama hakuna alama mupya. Hakukuwa na alama mupya. Kwangu, ile njo ilikuwa ushindi wa mwaka ule, kuliko zile kilo 19.

Ba-kamarade, konje njema. Noeni ndoano, jaribuni mafundo pwani, sikilizeni wenyeji, na murudi kazini na vidole kumi.